Sukari na Ndimu kwa Kifua cha Mume Wangu

Wanaume wenye manyoya mengi ndio walionipa jina hapa Kisauni. Msicheke. Kuwasinga mabibi harusi, kuwapaka liwa na kuwatoa malaika, vile vinyweleo vya mwilini, kwa sukari na ndimu ilikuwa kazi yangu ya siku zote, lakini mwari mwenye malaika mawili matatu hutolewa na yeyote mwenye vidole. Mwanamume ambaye kifua kimemfunga kama kumbi la nazi, huyo ataka fundi. Na wake wa wanaume hao walinijia mimi.

Nazungumzia miaka ya arubaini, wakati wa vita, Kilindini imejaa manowari na mji umejaa askari wa kila rangi. Mimi nilikuwa kijana bado, niko kwa mume, na ulimi huu huu mnaoujua. Mwanamke akija uani kwangu hasemi alilolijia. Atauliza hali, atauliza kuku, atausifu mkeka wangu hata mkeka wenyewe uone haya. Namwacha azunguke. Akichoka namwuliza, "Haya mwenzangu, ni kifua au ni mgongo?" Hapo hucheka akajifunika uso kwa leso. "Vyote, dada. Hata mabegani. Na joto hili, harara zimemjaa, wembe nao wamtoa vipele."

Waume za watu sikuwagusa, astaghfirullah. Niliwafunza wake zao. Nilipandisha leso nikawapa mguu wangu wajifunzie, na wako walionichuna hata nikawatukana. Nywele ngumu hazitaki haraka. Kwanza zipunguze kwa mkasi zibaki kama punje ya mchele. Zikiwa ndefu utamliza, zikiwa fupi mno sukari haizishiki. Sukari ya mabibi harusi huepuliwa ikiwa rangi ya asali. Ya wanaume iache ikaze kidogo, ila usiondoke penye seredani ya makaa, kwani ukigeuka kujifunga leso ushapata peremende. Mkande mgonjwa (ndivyo nilivyowaita, wagonjwa) kwa kitambaa cha maji moto, umpanguse, umpake unga wa mchele kidogo jasho likauke. Paka sehemu ndogo kufuata zinakoota, weka kipande cha kitambaa cha marekani, bana ngozi, kisha vuta kinyume, chini chini. Usivute kwenda juu. Na ukishavuta tu, weka kiganja palepale ukandamize, wala usiseme kitu. Kile kiganja ndicho kitakachomfanya akubali ya pili.

Wakati huo sukari ilikuwa ya kupimiwa. Wengine waliniletea sukari guru, nami nikawaambia nendeni nayo mkapikie visheti, hii hukatika katika manyoya na mtamwosha mtu mpaka magharibi. Walizidunduliza sukari zao kijiko kijiko, wakanywa chai chungu, ili waume zao wawe laini. Siku ya pili wanakuja mbio kunieleza, na tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Kinyozi hajinyoi, walisema wazee. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa na manyoya kuwapita wote. Alikuwa mnyapara wa makuli bandarini, mtu mkubwa wa mwili, na Mola alimjalia kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ukimwona amevua shati uani utadhani kavaa fulana nyeusi. Nilimbembeleza tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. "Mimi si kuku wa kunyonyolewa," husema. "Unanitaka hivi hivi au hunitaki?" Nami nilimtaka hivi hivi. Wallahi nilimtaka.

Lakini miaka ile alikuwa amenipoa. Sina neno zuri zaidi. Alikuwa hanipigi, hanitukani, chakula analeta. Ila alikuwa akila kwangu kama mtu anayekula hotelini, anamaliza, anashukuru, anatoka. Meli zikazidi, na yeye akazidi kulala kazini, au ndivyo alivyosema. Mtoto hatukujaliwa. Mimi, ambaye nusu ya wake wa Kisauni walikuja kuniuliza namna ya kumrudisha mume kitandani, nililala nikitazama dari ya makuti. Hakuna jingine nililomwomba Mungu katika sala zangu. Sikuomba mali wala hata mtoto. Nilimwomba mume wangu anirudie moyoni, basi.

Basi siku moja ya Jumatano, nimekaa jikoni nakuna nazi, nikamwona anaingia mchana kweupe. Nikashtuka, nikadhani kuna mtu kafa. Akasimama mlangoni, anazungusha kofia yake mkononi.

"Bibi, ile sukari yako unayo?"

"Ya chai?"

"Aa. Ile nyingine. Ya ndimu."

Mbuzi ya nazi nusura inikate. "Nani anaumwa?" nikamwuliza, maana nilitaka kumchokoza, na pia nilihitaji muda wa kuvuta pumzi. Akacheka kwa haya. Mwanamume yule, anayewakaripia makuli mia wakanywea, akainamisha uso kama mwari. "Nataka niwe safi," akasema. "Mwili wote. Mabega pia."

Nilikuwa na sukari nyeupe niliyoidunduliza kwa ajili ya Ramadhani. Niliimimina yote, sikubakisha hata ya kumpa sisimizi. Nikakamua ndimu, nikakoroga. Nilikuwa naimba. Jirani akauliza juu ya ua, "Leo kuna nini huko?" nikamwambia, "Leo kuna mgonjwa wangu mwenyewe!"

Nilianza na mgongo, kwa sababu mgongo una subira kuliko kifua. Kipande cha kwanza kilipotoka aliguta hata kuku wakakimbia. "Unaniua, mwanamke!" Nikaweka kiganja, nikakandamiza, nikanyamaza. Akashusha pumzi. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Kazi ilikuwa kubwa, sitawadanganya. Nywele zake zilikuwa nene, nyingine zimeota mbili mbili, na mabegani zilizunguka hata hujui uvute upande gani. Ilibidi nipashe sukari tena na tena. Tulipofika kifuani alishika nguzo ya kitanda akaanza kuzisoma aya zote alizofunzwa chuoni utotoni, na nyingine alizikosea, nikamsahihisha, tukacheka. Tulicheka sana. Alinisimulia habari za baharia mmoja aliyetumbukia majini na ndizi zake, na mimi nikamsimulia ya mke aliyeiacha sukari mpaka ikawa jiwe ikabidi mumewe akae nayo kifuani kwa siku mbili. Sijui ni lini tulikuwa tumezungumza hivyo.

"Huu wekundu utaondoka lini?" akaniuliza.

"Kesho utapungua. Usioge maji moto, usiende baharini, jipake mafuta ya nazi."

"Ijumaa nitakuwa sawa?"

"Ijumaa utakuwa laini kama yai lililomenywa."

Akatabasamu. Nami nikaona tabasamu lile ni langu.

Alilala usingizi palepale. Nikakusanya nywele zake, nikazifukia nyuma ya jiko, kama tulivyofunzwa, zisije zikaokotwa na mtu mwenye nia mbaya. Nikasali alasiri. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, nikarefusha sijida mpaka paji la uso likaniuma.

Ijumaa akavaa kanzu mpya. Mimi ndiye niliyeifukiza udi. Akaniambia kuna meli kubwa zimeingia na huenda akalala Changamwe siku kadhaa, yeye na wenzake. Akasimama mlangoni kidogo, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni mapenzi yamemshinda kusema.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwa jirani mmoja, mwanamke mtu mzima aliyenilea kama mama, tunachagua mchele wa hitima. Tumekaa duara, kila mtu na uteo wake mapajani. Mmoja akanichokoza, "Leo umeng'ara, mwenzetu. Umekula nini?" Na mimi, na mdomo wangu huu, nikaweka uteo chini nikawaeleza. Niliwaeleza yote. Alivyoingia mchana na kofia mkononi. Alivyoguta. Sukari ya Ramadhani iliyokwisha. "Nyinyi mwawafuata waume zenu na kitambaa," nikawaambia, "wangu amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Mwanamume amenirudia, jamani, nipigieni vigelegele!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikaona mikono imesimama kwenye mchele. Mmoja akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama chini. Nikasema, "Ala! Kwani mnaona wivu?" Nikacheka peke yangu.

Yule mama mwenye nyumba akainuka akanishika mkono akanipeleka jikoni. "Mwanangu," akasema, "hujaambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Mumeo ameoa. Nikahi ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, huko Chaani, Changamwe. Wanaume wa mtaa huu walikwenda. Sisi tulidhani yeye mwenyewe amekwambia."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia haiwezekani, mimi mwenyewe nimemtoa nywele Jumatano, mwili wote, mpaka mabega. Na nilipoyasikia maneno yangu yakitoka ndipo nilipoelewa. Nimewaandaa mabibi harusi wangapi, Yarabi, hata nisijue kuwa nilikuwa namwandaa bwana harusi? Kila mtu anajua kuwa kabla ya nikahi mtu husafishwa. Nilijua mimi kuliko wote. Nilimkanda kwa maji moto, nikamwimbia, nikaifukiza kanzu ya harusi yake kwa udi wangu, nikampeleka kwa mwanamke mwingine akiwa laini kama yai. Nilikaa chini kwenye majivu ya jiko la yule mama nikalia hadi sauti ikakauka. Alinishika kichwa akanikumbatia na hakuniambia ninyamaze, Mungu amrehemu.

Jioni yake mwanamke mmoja kati ya wale wa mchele akanijia kwa siri. "Nywele zake si umezifukia? Zichimbue. Yuko mganga Likoni, kule Bofu, atakufungia mtu huyu hata njia ya Chaani aisahau." Nikamfukuza. Nikamwambia mume wa kufungwa kama mbuzi simtaki, namtaka aje mwenyewe. Alipokwisha kwenda nikaenda nyuma ya jiko nikasimama pale, nikapatazama sana. Sikuchimba. Lakini nilisimama.

Fungate ilipokwisha akarudi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma mpaka mifupani, na alipoingia yote yakanitoka. Nikamwuliza swali moja tu. "Ni kwa ajili ya mtoto?" Angeniambia ndiyo ningenyamaza, ningejua ni la Mungu.

Akakaa kwenye kigoda. Akafikiri, kwa sababu mwongo hakuwa, ila mwoga. "Hapana, bibi," akasema. "Basi tu. Moyo umependa."

"Na kwa nini uliniacha nikutoe nywele?"

"Nani mwingine anayejua?"

Hivyo ndivyo alivyonijibu, na hakuwa na ubaya moyoni. Alihitaji fundi akamwendea fundi. Nilimrushia mwiko ukampata begani, na kwa vile bega lilikuwa halina nywele niliona alama yake ikiiva. Nikaenda mbio kumletea mafuta. Mjinga gani kama mimi?

Akaanza kugawa zamu, huku na huko, kama sheria inavyotaka. Siku zangu alikuja akakaa ukumbini akila tambuu, akiuliza bei ya samaki. Akilala analala upande wa ukutani. Mimi nikazungumza na mgongo wake. Kisha mwezi ukapita, na nywele ngumu zina tabia moja ambayo wake wote niliwaonya: zikirudi hurudi na hasira. Zinachoma, zinawasha, nyingine zinajikunja ndani ya ngozi zikafanya vijipu. Nikamwona anajikuna kwenye nguzo ya mlango.

"Bibi," akasema.

"Najua. Lala."

Sukari sijui niliipata vipi. Nilibadilisha leso mpya kwa sukari, nakumbuka. Na jamani, wala msinilaumu, ile siku tulicheka tena. Akiwa chini ya mkono wangu alikuwa yule yule. Alizungumza, aliguta, alisoma aya kwa makosa, nami nikamsahihisha. Nilivitoa vijipu kimoja kimoja kwa sindano niliyoipitisha motoni. Nilijua ninamsafisha ili aende kwa mwenzangu. Nilijua hasa. Lakini kwa muda ule wote alikuwa wangu, na kila mwezi nikausubiri muda ule kama watu wa Ramadhani wanavyosubiri mwezi kuandama. Wenzangu waliniona punguani. Wakanambia, "Mwache awashwe afe!" Nikawajibu kuwa mume ni wangu na sukari ni yangu, wanyamaze.

Kisha siku moja, katikati ya kazi, nimekwisha upande mmoja wa kifua, akasema, kama mtu anayetaja mvua, "Mwenzio analalamika. Anasema zikianza kuota namchoma shavu."

Shavu. Nikaliona lile shavu, limelala pale penye mkono wangu. Hasira ikanipanda hata macho yakaingia giza, na mdomo, ule ule mdomo, ukatangulia mbele ya akili. "Kama anachomwa," nikasema, "mlete hapa basi nimfunze! Nimewafunza wote wa Kisauni, atanishinda yeye?"

Nilisema kwa uchungu. Mtoto mdogo angejua kuwa nimesema kwa uchungu. Yeye akageuza kichwa akanitazama, macho yamemjaa shukrani. "Kweli, bibi? Una moyo wewe. Nilikuwa naogopa kukuomba."

Akamleta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nami katika kuchukia sibahatishi. Kumbe ni kijana, mwembamba, kafunika kichwa vizuri, na mkononi kachukua sukari yake mwenyewe kwenye kikopo na ndimu ndani ya kikapu. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, dada." Sauti haikusikika. Nikasema marahaba, na chuki ikakosa pa kukaa.

Nikampikia mara ya kwanza aone rangi, ya pili akapika mwenyewe, akaiepua mahali pake hasa. Nikampa mguu wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mwepesi kuliko wangu nilipoanza, nikamwambia hivyo kwa sababu ni kweli. Akatabasamu, na akakumbuka ni nani anayemtabasamia, akaacha. Kisha bwana akalala chumbani, juu ya kitanda changu, na yeye akaingia na sufuria. Mimi nikashusha pazia nikakaa upande wa ukumbini juu ya mkeka. Siwezi kukaa chumba kimoja na mwanamke anayemshika mume wangu.

Nikamfunzia kupitia pazia. Kata kwanza. Panguza. Unga kidogo. Sehemu ndogo, mwanangu, usipake kama unapaka chokaa. Bana. Vuta chini chini. Nikasikia marekani ikitoka, na mume wangu akiguta, na yule msichana akisema, "Pole, bwana, pole!"

"Usiseme pole," nikamwambia. "Usiseme kitu. Weka kiganja palepale, ukandamize."

Kukanyamaza. Nikajua kiganja kimewekwa. Nilikaa pale nimeshika ukingo wa pazia, na kimya kile kikakaa, kikakaa, mpaka nikamsikia akishusha pumzi, pumzi ile ile niliyokuwa naijua, akasema, "Endelea." Baadaye akaanza kusoma aya. Akakosea. Msichana akamsahihisha, kwa sauti ya chini, na wakacheka wote wawili.

Hawakuniuliza tena kitu. Msichana hakuwa na haja, alikuwa amejua.

Alasiri wakatoka. Msichana akaosha sufuria yangu bila kuambiwa, akanibusu mkono. Mume wangu akavaa shati lake taratibu, ngozi yake nyekundu, uso wake una furaha ya mtu aliyemaliza jambo zito kwa amani. Nikawasindikiza mpaka penye njia ya kwenda darajani Nyali. Pale akageuka, akanishika bega, akaniambia kwa moyo safi, kama anayemtua mwenzake mzigo, "Mungu akuweke, bibi. Sasa hatutakusumbua tena."

Nikasema, "Inshallah." Wakaenda. Nilisimama pale njiani mpaka watu wakaanza kuniuliza kama nimepotelewa na kitu, nami nikawaambia hapana. Yarabi, mimi nilikuwa nataka kusumbuliwa.